Msumeno wa mpini mrefu kwa kazi ya kila siku: petroli, betri au wa mkono?

Mpogoaji
Wanajukwaa, habari za kazi. Kikosi chetu cha watu watatu hupogoa miti ya kivuli na ya matunda, na msumeno wa mpini mrefu tulionao umechakaa. Nimebaki na chaguo tatu: wa petroli wenye mpini unaorefuka hadi mita 4 hivi, wa betri wenye urefu huohuo, na wa mkono wenye vipande vinavyovutwa hadi kupita mita 6. Matawi yetu mengi yana unene wa sentimita 5 hadi 15, nasi hufanya kazi saa tano au sita kwa siku. Ninaomba maoni ya watu waliozishika mashine hizi kwa muda mrefu.

Fundi Cheni
Ndugu Mpogoaji, kabla ya kuuliza nguvu ya injini, uliza uzito umekaa wapi. Katika misumeno mingi ya petroli injini hukaa nyuma, karibu na kiuno, na nguvu hupandishwa na fimbo inayozunguka ndani ya bomba hadi kwenye mnyororo, kwa hiyo mashine inaweza kuwa nzito kwenye mizani lakini ikatulia vizuri kwenye mkanda wa begani. Baadhi ya misumeno ya betri imewekewa mota kulekule juu, kando ya mnyororo. Ni myepesi kwa jumla, ila baada ya saa mbili mabega yatakueleza tofauti. Kilo 1.5 ikiwa mita 3 mbele ya mikono, na mpini umelala, inalemea sawa na kilo 4.5 iliyo mita 1 mbele yako. Ukiuinua mpini hadi nyuzi 60, mzigo huo hupungua kwa nusu, lakini haupotei.

Dukani, vuta mpini hadi mwisho wake, uushike kwa dakika tano ukiwa umeuinua, kisha ndipo uulize bei.

Mimi ningechukua petroli. Tawi la sentimita 15 la mti mgumu halina subira na mashine dhaifu.

Bustani Kijani
Ninaheshimu maneno ya Fundi, hasa kuhusu mahali pa mota, lakini sikubaliani na hitimisho lake. Katika siku ya saa sita, mnyororo hukata kwa muda mfupi sana. Muda uliobaki tunatembea, tunatazama mti, tunaburuta matawi na kuyapanga. Injini ya mipigo miwili hubaki ikinguruma katika sehemu kubwa ya muda huo, au inazimwa na kuvutwa kamba upya kila mara, ilhali ya betri hunyamaza pale tu unapoachia kitufe. Hakuna kabureta ya kusafisha wala kupima petroli sehemu 50 kwa oili sehemu 1, na mwenzako aliye chini anasikia unapomwita, jambo ambalo kwangu ni usalama kabla ya kuwa starehe.

Tazama pia mtikisiko. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya mwaka 2002, uliweka mita 2.5 kwa sekunde mraba, kwa wastani wa saa 8, kuwa kiwango ambacho mwajiri akikipita lazima achukue hatua, na mita 5 kuwa ukomo. Takwimu ya mtikisiko wa mashine imo katika kitabu chake, nayo ifaa isomwe na kila anayelipwa kushika mpini kila siku, kwa kuwa vidole vikishaanza kufa ganzi na kuwa vyeupe ni vigumu kurudi vilivyokuwa.

Chagua tu mashine ambayo betri zake zinaingia pia kwenye vifaa vyenu vingine, na muwe na betri mbili au tatu.

Mzee wa Kamba
Vijana wangu, nimesoma yote na hakuna aliyetaja nyaya za umeme. Mpini wa alumini hupitisha umeme, na msumeno wa injini au wa betri haukukingi hata kama vishikio vyake ni vya mpira. Vitabu vya watengenezaji wakubwa huagiza kukaa mita 15 kutoka kwenye nyaya. Sheria ya usalama kazini ya Marekani huwataka wasiofunzwa kazi za umeme wasikaribie chini ya mita 3 kwa nyaya za hadi kilovolti 50, na umbali huo ni pamoja na chombo ulichoshika. Mpini wa fibaglasi uliopimwa kwa kazi ya umeme upo, lakini ukilowa au ukichafuka huwezi kuutegemea. Nilipokuwa kijana niliona tawi bichi likiangukia waya huku likiwa bado limeshikana na mti. Tangu siku hiyo, palipo na waya huwaita wenye waya wazime kwanza.

Kuhusu wa mkono: usiudharau. Hukata kwa kuvuta, kwa hiyo uzito wa mpini unakusaidia, na kidonda unachouachia mti ni laini. Ila ukipita mita 5 hupepesuka, na tawi lililozidi sentimita 8 ni adhabu.

Na chombo chochote mtakachonunua, tawi nene lisikatwe kwa mkato mmoja. Anzeni kwa mkato mdogo chini, mbali kidogo na shina, kisha juu hadi lianguke, halafu ondoeni kisiki nje ya ule uvimbe wa gome unaozunguka chanzo cha tawi. Alex Shigo wa Idara ya Misitu ya Marekani alionyesha kwamba uvimbe huo ndio ngome ya mti dhidi ya kuoza.

Mpogoaji
Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimeamua: wa betri wenye mota nyuma, pamoja na wa mkono kwa matawi membamba ya juu. Swali moja limebaki: bapa la mnyororo, yaani kile chuma bapa ambacho mnyororo hukizunguka, liwe la sentimita 25 au 30?

Fundi Cheni
Chukua 25. Linatosha kwa sentimita 15, na kila gramu unayoipunguza kule juu utaishukuru. Kumbuka tangi la oili ya mnyororo liko kichwani na ni dogo. Kila unapobadilisha betri, shusha kichwa ulitazame. Na mpini usipite nyuzi 60, maana ukizidi hapo tawi linakuja juu yako.