Singe ya babu mzaa bibi: hizi herufi zina maana gani?

Mjukuu wa Masasi
Wakuu, naomba msaada kwa anayezijua silaha za Wajerumani. Baba yake bibi alikuwa askari wa Mjerumani, na kilichobaki kwake ni singe moja, kile kisu cha kuchomekwa mbele ya bunduki. Mpini ni shaba ya njano tupu, bapa lina sentimita 47, ala ilishapotea. Miaka yote nyumbani imekuwa ya kuchimbia mihogo. Jana nimeifuta kwa mafuta ya taa, maandishi yakatokea. Karibu na mpini: ALEX COPPEL SOLINGEN. Mgongoni mwa bapa kuna taji, chini yake W, kisha 75. Kwenye kile chuma kilichokingama kuna 82.R.7.113, imepigwa mstari, na pembeni yake Sch.D.O.A. 641. Binamu yangu anashikilia kuwa 75 ni 1975. Mama anataka niipige stilwaya ing'ae.

Kijana wa Pangani
Mkuu, mimi niliuziwa yenye taji, W na 17. Muuzaji alisema ilikuja na meli ya Rubens kwa askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku katika vita vya 1914.

Mzee wa Ala
Mwanangu wa Masasi, mwombe mama asubiri. Stilwaya italamba herufi, na hizo herufi ndiyo historia ya mzee wenu.

75 ni 1875. W ni Wilhelm, mfalme wa Prussia, dola kubwa ndani ya Ujerumani. Jeshi lilipiga taji na mwaka lilipoipokea silaha. Dola nyingine ya huko, Bavaria, walipiga L ya Ludwig, mfalme wao. Singe yako ni ya modeli ya 1871, ya bunduki ya Mauser ya risasi moja moja. 82.R.7.113 ni rejimenti ya 82 ya askari wa miguu, kombania ya 7, silaha ya 113. Rejimenti hiyo kambi yake ilikuwa Göttingen, huko Ujerumani! Wajerumani walipopata bunduki mpya, hizi kuukuu zikaletwa huku. Sch.D.O.A. ni Schutztruppe Deutsch-Ostafrika, jeshi la koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, lililoundwa 1891. Ndiyo maana namba ya Göttingen ikakatwa. Hata vita vilipoanza 1914, askari wetu wengi walikuwa bado na Mauser hizo, kila risasi wingu la moshi linalomwonyesha adui walipo. Linanisikitisha sana hilo.

Kijana wa Pangani, Rubens iliingia Ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915. Meli nyingine, Marie, ilifika Sudi, karibu na Lindi, Machi 1916. Baada ya hapo hakuna shehena iliyofika kutoka Ujerumani. Meli ya anga L 59, puto kubwa lenye injini, ilitumwa Novemba 1917, ikageuzia Sudan. 17 yako ni 1917, na singe iliyopokelewa mwaka huo haikushikwa na askari wa huku.

Mjukuu wa Masasi
Shikamoo mzee. Nimemsomea mama, akanyamaza, kisha akaitoa stuli akaiweka singe juu ya kabati. Kichwani mwa mpini kuna vitaji vidogo vyenye herufi. Nifanyeje nivisome?

Mzee wa Ala
Marahaba. Hizo ni alama za wakaguzi wa kiwandani. Weka karatasi nyembamba juu, sugua taratibu kwa penseli. Bapa lipake mafuta ya cherehani, na mihogo itafutiwe jembe.