Gumzo la Nyumba ya Bibi: Mwanasha anarudi kutoka Lamu

*Jumatatu, baada ya isha*

Mwanasha: Asalaam alaykum jamani. Nimekata tikiti ya basi ya Jumatano, Mokowe kule bara hadi Mombasa. Yasema kuripoti saa kumi na mbili, basi latoka saa moja. Niko Shela bado, nyumba nimelipa mpaka hiyo Jumatano. Nikitoka kwa miguu saa kumi alfajiri na begi langu la magurudumu, nitawahi boti ya Mokowe pale Lamu mjini?

Ami Bakari: Waalaykum salaam. Hutawahi, na njia hutaiona. Jumatano ni mwezi mwandamo kumi na sita, bamvua, siku za maji makubwa. Pwani yetu bamvua maji hujaa alfajiri, saa kumi na moja hivi, yakapwa saa nne kwenda saa tano asubuhi. Ile njia ya ufukweni baina ya Shela na mjini maji yakijaa hupanda mpaka ukutani. Utakuwa na giza, mawe ya utelezi na begi kichwani.

Mwanasha: Nikingoja yashuke kidogo?

Ami Bakari: Piga hesabu. Siku hizo yapanda na kushuka zaidi ya mita tatu kwa saa sita na ushei, lakini hayashuki sawasawa. Saa ya kwanza hata futi haitoki. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia. Ukingoja njia itoke, basi liko Witu.

Hafswa: 😂😂

Khalti Rukia: Kwani pale Manda hakuna ndege?

Twalib: Nyingi zaenda Nairobi, Khalti. Na zile ndogo mizigo wanapima. Abaki na basi.

Ami Bakari: Una njia mbili. Lala Jumanne usiku mjini, karibu na gati, alfajiri utoke dakika tano tu na hamali mwenye mkokoteni. Au agiza boti ikuchukue Shela moja kwa moja hadi Mokowe. Hiyo ni ya kukodi, bei mpatane kesho mchana, si alfajiri ukiwa na haraka. Mimi nasema lala mjini. Ukiwa Shela wategemea nahodha mmoja, akipitiwa na usingizi basi limekwenda. Mjini akikosekana huyu yuko yule.

Mwanasha: Na nyumba niliyoilipa ami?

Ami Bakari: Usiku mmoja huo, samehe. Ukikosa basi utalipa usiku mwingine na tikiti nyingine juu.

Ami Bakari: Saa kumi na moja uwe gatini. Boti ya abiria hungoja ijae watu, halafu mwendo ni nusu saa na zaidi. Spidi boti dakika kumi na kitu. Begi liweke katikati, si omo, kule mbele ya boti, omo ndipo maji yanaporukia. Na ile jaketi ya kuokolea uivae, usiikalie kama mto.

Mwanasha: Kusi bado linavuma kweli huku. Jana pale Shela kwenye mlango wa bahari mawimbi yalikuwa makubwa.

Ami Bakari: Hapo mlangoni bahari kuu inaingia wazi. Kutoka mjini kwenda Mokowe uko ndani, kisiwa cha Lamu na Manda vimekukinga. Na alfajiri upepo huwa umelala. Jambo jengine, maji yakiwa juu wateremka Mokowe vizuri. Yakipwa ngazi za chini zina mwani, watu huteleza na mizigo.

Twalib: Haya, sasa mambo ya basi. Kitambulisho kishike mkononi, chenyewe, si picha kwenye simu. Mpaka Garsen kuna vizuizi vya askari, abiria mwateremshwa, mwapanga foleni, kila mtu na chake. Aliyekiacha kwenye begi ndani ya buti huwachelewesha wote, na atakula maneno ya abiria mpaka Malindi.

Twalib: Kiti chako nambari ngapi?

Mwanasha: 47

Twalib: Hiyo ni nyuma kabisa. Nyuma ya tairi gari hurusha, kila tuta utalihisi mgongoni. Nitaulizia ofisini kesho asubuhi wakubadilishie, mbele ya tairi la nyuma. Upande wa kulia au kushoto?

Hafswa: Upande usio na jua

Twalib: Asubuhi jua liko kushoto, kuanzia adhuhuri lahamia kulia mpaka Mombasa. Mwendo wa saa nane hivi, kwa hiyo kila upande una zamu yake 😅 Nitaomba kushoto, ndilo jua la mapema.

Twalib: Na wewe wakaa Bombolulu. Usije mpaka Mwembe Tayari halafu upande matatu urudi daraja la Nyali. Mwambie makanga wakati begi LINAINGIA butini kwamba wateremka Bombolulu, aliweke mlangoni. Ukimwambia umeshafika, begi liko chini ya magunia ya watu, na pale barabarani dereva hangoji.

Mama Nuru (jirani): Mvua haijakata barabara huko?

Twalib: Sasa hapana. Mto Tana ukifurika ndiyo taabu, kama ile Novemba 2023 maji yalipokata barabara pale Gamba. Huu ni mwezi wa nane, pakavu.

Khalti Rukia: Mwanasha mwanangu, nguru.

Mwanasha: 😄 Nilijua. Kilo ngapi khalti?

Khalti Rukia: Tatu zatosha. Sikiza vizuri. Anunuliwe Jumanne jioni, atolewe matumbo na mashavu pale pale, asikatwe vipande. Vipande hupoteza maji na kuingia harufu upesi. Umfute kwa kitambaa, usimwache akielea majini. Barafu kilo kwa kilo, samaki kilo tatu, barafu kilo tatu.

Twalib: Khalti, barafu ya vipande hapana. Ikiyeyuka yamwagika butini, maji ya samaki juu ya mabegi ya watu. Watamkatalia.

Khalti Rukia: Ndiyo nataka kusema. Barafu ya chupa. Chupa za maji za lita moja, ujaze pungufu kidogo maana maji yakiganda hufura na kupasua chupa, zilale frizani usiku kucha. Kisha ndoo yenye kifuniko cha kubana: chupa chini, samaki ndani ya kitambaa, chupa juu. Funga kifuniko kwa utepe. Usifungue njiani kuangalia!

Khalti Rukia: Ukiona ni kazi lete ng'onda, samaki mkavu. Hiyo haihitaji barafu, kikapu chatosha. Isitiwe kwenye kitu kisichopumua, itaota ukungu.

Hafswa: Na mifuko ya plastiki usije nayo, marufuku tangu Agosti 2017.

Ami Bakari: Na akija mtu na bangili au kitana cha gamba la ng'amba, mkatae. Ng'amba ni kasa, na kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, na butini wanapekua.

Mwanasha: Sawa. Hafswa, simu yangu yaandika kuna unyevu kwenye tundu la chaja. Nimeiweka kwenye mchele.

Hafswa: Itoe! Mchele haukaushi chumvi, na vumbi lake laingia mle mle. Usichaji. Maji ya chumvi yapitisha umeme baina ya vile vipini, vinaliwa na kufanya kijani. Izime, tundu litazame chini, feni ipulize usiku kucha. Ikikauka pitisha mswaki mpya mkavu uliotiwa spiriti kidogo, uache nusu saa. Sindano usitie.

Khalti Rukia: Na nguo za bahari usizitie sabuni moja kwa moja, chumvi hufanya sabuni isitoe povu. Roweka maji matupu nusu saa, mwaga, ndipo ufue. Uanike kivulini.

Mama Nuru (jirani): Mwanasha, nimefungua nyumba yako leo kutia hewa. Stima ilikatika Jumamosi kutwa kucha. Kile kikombe cha barafu ulichoacha frizani na shilingi juu yake, shilingi iko chini kabisa.

Mwanasha: Lo. Ile nyama?

Mama Nuru (jirani): Ya kutupa. Friza ikijaa yashika siku mbili bila kufunguliwa, nusu yashika siku moja, yako ilikuwa na pakiti mbili tu. Imeyeyuka yote ikaganda upya, kwa macho ni nzima lakini usiipike. Nitaitoa leo. Friza nitaipangusa kwa bekingi soda, vijiko viwili vikubwa kwa lita ya maji ya vuguvugu, niache mlango wazi mpaka kesho.

Mama Nuru (jirani): Tokeni za stima pia zimebaki kidogo. Nunua ukiwa huko kwenye mtandao mzuri, unitumie zile nambari 20 nizibonyeze. Usiingie na nguru wa Khalti kwenye nyumba ya giza.

Khalti Rukia: Nguru haingii kwake, yaja kwangu.

Twalib: Mwanasha, nitumie nambari ya tikiti na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Ofisi yafunguliwa saa mbili.