Mdogo wangu anasema dunia ni kiini macho, ameacha kuchaji betri. Nifanyeje?

Dada_Igombe:
Habari za jioni wanajamvi. Nipo Igombe, nje kidogo ya mji wa Mwanza, nauza dagaa. Mtumbwi aliotuachia baba tunauendesha mimi na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 26. Yeye ni mahesabu na kuchaji betri za taa, maana dagaa tunawafuata usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki kwenye taa.

Tangu Pasaka anasikiliza mafundisho ya Kihindu yanayoitwa Advaita. Mwanzoni nilifurahi, aliacha pombe. Sasa kila kitu kwake ni "maya", yaani kiini macho. Wiki iliyopita, giza limekolea, hakuchaji betri. Wavuvi wanne walikaa mchangani wamejifunika makoti mpaka saa sita usiku, wakarudi makwao mikono mitupu. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, hakuna mvuvi, hakuna dagaa. Kuna kimoja tu."

Nililia. Baba anakata roho nilimwahidi nitamtunza huyu. Naombeni ushauri: anaumwa? Nimtoe kazini? Na je, anachosema kina ukweli? Hilo la mwisho linaninyima usingizi kuliko betri.

Mpole_Nyegezi:
Pole mpendwa. Mpeleke akaombewe.

Muuguzi_Mstaafu:
Kwanza mwangalie, mwanangu. Analala? Anakula? Anaoga? Anaongea na watu msiowaona? Kama kuna lililoharibika hapo, hospitali mapema. Kama yuko sawa, huyo anawaza, haumwi.

Mwalimu_Mabatini:
Dada, fundisho lenyewe ni zito, na mdogo wako ameshika nusu. Advaita maana yake "isiyo mbili". Shankara, mwalimu wake mkubwa, aliishi India karne ya 8. Alifundisha kwamba Atman, yule shahidi wa ndani anayetazama mawazo yako yakija na kupita, hana tofauti na Brahman, uhalisia wenyewe.

Mfano wao ni wa kamba na nyoka, na wewe wa mtumbwini utauelewa kuliko mimi wa darasani. Gizani unakanyaga kamba ya nanga, unaruka ukidhani nyoka. Moyo unadunda kwelikweli. Taa ikiwashwa, nyoka hayupo, lakini kamba ipo. Kwa Shankara dunia si pembe la sungura, kitu kisichokuwepo kabisa. Ina ukweli wa ngazi yake, na ngazi hiyo ndiyo yenye madeni na njaa. Ni kweli alisifu kuiacha dunia, naye alikuwa mtawa. Ila mtawa huaga. Haachi watu wanne wakimsubiri ufukweni.

Na hata kwao hawakukubaliana. Ramanuja, karne ya 11 hadi 12, alimpinga: nafsi na dunia ni halisi, ni kama mwili wa Mungu.

Mzawa_Ukerewe:
Mwalimu, mimi sikubali. Kama shahidi ni mmoja, mbona mwanangu akiumwa jino mimi silisikii?

Mwalimu_Mabatini:
Wao hujibu kwamba maumivu ni ya akili na mwili, navyo ni vingi. Jua ni moja, linaonekana kwenye madimbwi mengi. Dimbwi moja likichafuka, mengine hayachafuki. Mimi jibu hilo linanitosha nusu tu.

Kijana_wa_Duka:
Nimefanya kazi miaka tisa kwa mzee mmoja Mhindu hapa mjini. Si Wahindu wote wanafuata Advaita, yeye alifuata. Kila asubuhi anawasha taa ndogo ya mafuta, anasali, kisha anafungua daftari na kupima mifuko ya misumari mmoja mmoja. Siku moja nikamuuliza, mzee, kama yote ni kimoja unapima nini? Akanisogezea mfuko uliopungua, akasema: "Atakayepunjwa naye ni yule yule."

Dada_Igombe:
Ahsanteni sana. Mama muuguzi, anakula na kulala vizuri. Jana nilimkuta anageuza dagaa kwenye chanja, nikamwambia maneno ya yule mzee wa duka. Kisha nikamuuliza: "Kama ni kimoja tu, nani alirudi kwake mikono mitupu usiku ule?" Akashika dagaa mmoja, akamkata kichwa kwa kucha, akanyamaza muda mrefu. Mpaka sasa hajanijibu. Jioni hii betri mbili ziko kwenye chaji, ya tatu ameibeba begani kwenda kwa fundi kuongeza maji.