Gitaa la teno la nyuzi nne: ninunue nyuzi za unene gani?

MpigaFidla_Unguja
Asalaam alaykum wajuzi. Mimi napiga fidla kwenye taarab, hapa Unguja. Binamu yangu anayeishi Marekani kaniletea gitaa la teno, lile dogo la nyuzi nne, kuukuu kidogo na mbao zake nyepesi sana. Nimelipenda mno, maana mkono wangu wa kushoto unalijua tayari: kila uzi uko sauti tano juu ya mwenzake kama kwenye fidla, do-sol-re-la, na vidole vinakwenda vyenyewe.

Nyuzi zilizokuja nalo zimeota kutu. Madukani huku nakuta seti za gitaa la nyuzi sita tu, na hakuna anayeuza uzi mmoja mmoja. Nimepima toka mfupa wa shingoni hadi darajani, sentimita 58 na kidogo. Nichukue unene gani? Na nikitaka sol-re-la-mi kama fidla, ila oktava moja chini, nyuzi hizohizo zitafaa? Rafiki kaniambia uzi wa la niweke mwembamba kabisa ili usikatike. Sitaki kuliumiza gitaa hili, ndiyo maana nauliza kabla sijakaza chochote.

FundiMagitaa_Tanga
Wa alaykum salaam maalim. Sentimita 58 ni kama inchi 23, urefu wa kawaida wa teno. Kwa do-sol-re-la weka 10, 14, 22 na 32, kuanzia mwembamba. Hizo ni elfu za inchi. Mbili za kwanza ni chuma kitupu, mbili nene zimezungushiwa shaba.

Nimepiga hesabu ya mvuto kwa urefu wako. La inavuta kilo 10 na nusu hivi, re na sol kilo 9 na ushee kila mmoja, do karibu 9. Jumla haifiki 40. Seti inayoanzia 12 kwenye gitaa la kawaida la nyuzi sita inavuta zaidi ya 70, kwa hiyo tafadhali usiliwekee teno jepesi nyuzi nene ukidhani utapata sauti kubwa. Utapata uso uliovimba na daraja lililong'oka.

Ushauri wa rafiki yako naupinga. Uzi mnene unahitaji mvuto mkubwa zaidi kufika sauti ileile, ni kweli, lakini una chuma kingi zaidi cha kuubeba mvuto huo. Mambo haya mawili yanakwenda sambamba, hivyo 9 na 10 zinakatika karibu kwenye sauti ileile. Kinachoamua ni urefu wa uzi na sauti unayoitaka. La ya hertz 440 kwenye inchi 23 inabebeka. Kwenye gitaa la inchi 25 na nusu ungekuwa ukingoni. Ukiweka 9 utapunguza kama kilo 2 na vidole vitapumzika, basi. Kwangu mimi sauti yake ni kavu. Uzi wa la ukikatika mahali palepale kila mara, tafuta ncha kali kwenye mfupa au kwenye tundu la mashine ya kukazia, uisugue kwa msasa laini.

Dukani nunua seti mbili za gitaa la akustiki, ya 10 hadi 47 na ya 12 hadi 53. Ya kwanza itakupa 10, 14 na 23, ya pili itakupa 32. Hiyo 23 badala ya 22 si neno.

Kwa sol-re-la-mi nyuzi hizohizo hazifai. Ule wa 32 ukiushusha toka do hadi sol unabaki na kilo 5 hivi, utalegea na kugonga freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni. Hapo weka mi 12, la 18, re 30, sol 42. Zote zimo kwenye seti nilizotaja isipokuwa 18. Hiyo utaipata kwenye seti ya gitaa la umeme inayoanzia 11, na ni chuma kitupu.

Gambusi_Mombasa
Maalim, tazama nyuzi zinashikwa wapi. Kama ni mkia wa chuma wenye kulabu, zile punje za shaba mwishoni mwa uzi hazitaingia. Ibane punje kwa koleo hadi itoke, kitabaki kitanzi.

Na mimi nasema anza na do-sol-re-la. Teno zilishika Marekani miaka ya 1920 kwa wapiga banjo ya teno, na hiyo ndiyo tyuni yao. Pale juu ndipo gitaa hili linapolia vizuri.

MpigaFidla_Unguja
Ahsanteni sana. Mkia wake ni wa kulabu kweli. Lakini fidla tunazo za kutosha kikundini, sauti ya juu imejaa. Moyo wangu uko kwenye ile ya chini, nitafunga 12, 18, 30, 42. Kuna la kuangalia zaidi?

FundiMagitaa_Tanga
Mfereji kwenye mfupa. Ule uliochongwa kwa 32 hautaipokea 42, uzi utakaa juu juu na kunata ukityuni. Upanue kwa tupa nyembamba pembeni tu, usiuzidishe kina, la sivyo sol itaguna kwenye freti ya kwanza. Bora zaidi mpe fundi achonge mfupa mwingine, huu wa asili uuhifadhi. Siku ukitaka kurudi do-sol-re-la utauhitaji.