Wakuu, nitajuaje kama huu unga wa kisukari ni wa kweli?

Mtoto wa Chumbageni: Habari za mchana wakuu. Nipo Tanga mjini. Shangazi ametuma kwenye grupu la ukoo sauti ya mtu anayejiita daktari, ana unga wa mitishamba unaomaliza kisukari kabisa. Shuhuda zimejaa. Bimkubwa anasumbuliwa na sukari. Naombeni ushauri, sina raha.

Mzee Ngamiani: Mwaka 2011 tulimpeleka marehemu kaka Loliondo kwa Babu, kikombe cha dawa yake shilingi 500. Foleni ya magari ile usiombe. Mikate yetu iliibiwa na nyani, kaka akacheka mpaka akasahau ugonjwa.

Nesi Mstaafu: Daktari wa wapi, jina kamili nani? Dawa za hospitali husajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, za asili zipo chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Waulize. Na hao wa shuhuda, nani alipima HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, kabla na baada? Mama anatumia dawa gani?

Mtoto wa Chumbageni: Metformin na insulini. Ila kwa sasa amepumzisha.

Nesi Mstaafu: Amepumzisha nini?

Mtoto wa Chumbageni: Vyote, tangu Ijumaa. Maelekezo yanakataza kuchanganya. Jamani msinihukumu, sukari ilishuka kweli, toka 16 hadi 7! Na laki na nusu nishalipa.

Nesi Mstaafu: Unga mwingine husagiwa glibenclamide ndani kwa siri, kidonge hichohicho cha hospitali cha kushusha sukari. Lazima ishuke, na inaweza kushuka mtu akazimia. Insulini haikatwi kwa sauti ya WhatsApp, mwanangu.

Chai ya Rangi: Wakuu hamshtuki? Akaunti imefunguliwa leo, mara sukari imeshuka, mara bei. Hii chai. Tangazo hili.

Mtoto wa Chumbageni: Tangazo gani mkuu, jina la unga nimelitaja wapi?

Chai ya Rangi: Ndiyo ujanja wenyewe, uulizwe.

Binti Pangani: Samahani, unaitwaje huo unga? Nauliza tu.

Chai ya Rangi: Mnaona!

Nesi Mstaafu: Tangazo au si tangazo, leo amepimwa?

Mtoto wa Chumbageni: Asubuhi 19. Anatapika, anahema haraka haraka. Shangazi anasema ndiyo sumu inatoka.

Nesi Mstaafu: Sumu gani! Mpeleke hospitali ya Bombo sasa hivi, na huo unga ubebe wauone.

Mzee Ngamiani: Nina bajaji hapa barabara ya 8. Mnakaa Chumbageni upande gani?

Mtoto wa Chumbageni: Asante mzee wangu. Ngoja kwanza niongee na shangazi.

Nesi Mstaafu: Shangazi utaongea naye njiani. Mtajie mzee nyumba!