Muscat mwaka mzima na watoto: tupange Ruwi au Seeb?

Wakuu, tunahamia Muscat, mji mkuu wa Oman, Septemba, watoto wawili wa msingi, hatuna gari. Tupange wapi: Ruwi, mtaa wa biashara katikati ya mji, au Seeb, pembezoni?

Mzee wa Ruwi: Bila gari, Ruwi. Kituo cha mabasi ya Mwasalat kipo hapo, maduka na kliniki unafika kwa miguu. Seeb kuna nafasi zaidi, ila kwa miguu mwezi Julai, digrii 40 na ushee, utawatesa watoto bure.

mama_shule: Shule kwanza, nyumba baadaye. Shule za Kihindi huanza mwaka Aprili, za mtaala wa Kiingereza Septemba. Mkifika Septemba mkachagua ya Kihindi, mtoto anadandia katikati.

fundi_bomba: Wenye nyumba wengi wanataka hundi zenye tarehe za mbele, na hundi bila akaunti ya benki ya huko hupati, kwa hiyo pangeni ya muda kwanza hadi mfungue akaunti. Mkataba usajiliwe manispaa. Nyumba ikague saa nane mchana: washa viyoyozi vyote nusu saa, kisha papasa ukuta chini ya kila kimoja. Ukuta ukiloa, mpira wa kutoa maji ya kiyoyozi umeziba. Kiangazi maji ya tangi la juu ya paa yanaunguza. Zima hita ya bafuni: maji yaliyomo ndani yake yanapoa, kwa hiyo bomba la moto ndilo linatoa ya baridi.

mama_shule: Hilo la hita kweli kabisa.