p-ANCA chanya, PR3 na MPO hasi: majibu haya yasomwe vipi?

Darubini: Wakuu, naomba msaada. Mgonjwa ni mama wa miaka 34, analalamika maumivu ya viungo na uchovu. Tulitafuta ANCA, kingamwili zinazoshambulia neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu). Fluoresensi (kipimo cha mng'ao kwa darubini) kwenye slaidi ya ethanoli imeonyesha p-ANCA, yaani mng'ao kuzunguka kiini, hadi seramu ilipopunguzwa 1:40. Elisa (kipimo cha kemikali) za kingamwili dhidi ya PR3 na MPO, protini mbili za neutrofili, zote hasi. ANA, kingamwili dhidi ya viini vya seli, ni 1:640. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, iko kawaida. Wodini wanataka kuandika vaskulitisi (uvimbe wa mishipa ya damu) na kuanza prednisoloni, ambayo ni steroidi. Ni sahihi?

Seramu: Hapana. ANA ya kiwango hicho inang'arisha kiini cha neutrofili, na kwenye slaidi ya ethanoli mng'ao huo unafanana mno na p-ANCA. Kwa p-ANCA halisi ya MPO, ethanoli hutoboa utando wa chembechembe za neutrofili, MPO yenye chaji chanya ikavuja na kunasa kwenye kiini chenye chaji hasi. Rudia seramu hiyohiyo kwenye slaidi ya formalini, ambayo huibana MPO pale ilipo. Mng'ao ukienea kwenye saitoplazimu, fikiria MPO. Ukififia au ukabaki kwenye kiini, ni ANA. Ila Elisa yako imeshakujibu: tangu makubaliano ya kimataifa ya 2017, anayeshukiwa GPA au MPA (vaskulitisi zinazoambatana na ANCA) hupimwa PR3 na MPO kwanza, fluoresensi si lazima. Kwa mama huyu ningetafuta lupus, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe: anti-dsDNA (kingamwili dhidi ya DNA), C3 na C4 (protini za kinga).

Figo Kwanza: Mkojo je? Upimwe ungali mbichi, uzungushwe kwenye sentrifuji, mtafute protini, chembe nyekundu zilizoharibika umbo na kasti zake (vipande vilivyogandia kwenye mirija ya figo). Figo huumia kimya kabla kreatinini haijapanda.

Darubini: Asante. Na kama MPO ingekuwa chanya?

Figo Kwanza: Bado ungeuliza dawa: hydralazine na propylthiouracil huleta kingamwili za MPO. Kifua kikuu na maambukizi ya vali za moyo nayo huleta ANCA, na mwenye maambukizi hayo ukimpa steroidi bila kuagiza kalcha ya damu (kuotesha vijidudu) unaweza kumuua. PR3 na MPO zikiwa chanya pamoja, shuku dawa au kokeini iliyochanganywa na levamisole.

Seramu: ANCA hasi nayo haifuti ugonjwa. Wagonjwa wengi wa EGPA (vaskulitisi inayoambatana na pumu) hawana ANCA, na Takayasu (vaskulitisi ya mishipa mikubwa) haitafutwi kwa kipimo hiki kabisa. Kreatinini ikipanda kwa kasi au mtu akikohoa damu, chukua seramu ya ANCA na anti-GBM (kingamwili dhidi ya utando wa chujio la figo) siku hiyohiyo, pangeni biopsi, na matibabu yasisubiri majibu.